Mtomondo Unaochanua Usiku: Siku Zangu Katika Delta ya Rufiji

Alhamisi

Safari hii imetokana na tunda. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alirudi likizo kutoka kwa bibi yake kisiwani Mafia, akaweka kitu mezani kwangu: "Mwalimu, hili nimeliokota ufukweni. Nyumbani hawakubaliani ni la mti gani." Lilikuwa tunda la kahawia, kavu, urefu wake sentimita saba hivi, umbo la yai lakini lenye pembe nne butu ubavuni. Juu kichwani lilikuwa bado limeshika vipande vya kikombe cha ua. Lilikuwa jepesi ajabu. Tulipolipasua darasani tukakuta ganda nene la nyuzinyuzi na ndani yake mbegu moja tu.

Tomondo. Tunda la mtomondo, ambao wataalamu wanauita Barringtonia racemosa. Miaka yote nimefundisha habari za mbegu zinazosafirishwa na maji nikitumia nazi peke yake, na kumbe huku kwetu pwani kuna mti mwingine unaofanya kazi hiyohiyo kimyakimya, kuanzia KwaZulu-Natal mpaka Kenya, Madagaska, India, Malaysia, hadi visiwa vya Pasifiki. Kilichonishika zaidi kilikuwa habari za maua yake. Mtomondo huchanua usiku. Maua hufunguka giza likishaingia, na kabla jua halijapanda sawasawa yote ya usiku huo yameshaanguka. Ukipita mchana unaona mti wa kawaida wenye majani makubwa. Ndiyo maana watu wengi wanaishi nao jirani bila kuujua.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, nikienda delta ya Rufiji kuyaona maua hayo, nimebeba chandarua, tochi mbili, buti za mpira na daftari. Njia ya Kilwa sihitaji kuieleza sana: Mkuranga, mikorosho, nanasi barabarani, abiria wanaonunua mihogo ya kukaanga madirishani. Nilishuka Bungu, nikachukua bodaboda kuelekea Nyamisati. Njia ya huko inashuka polepole, mikorosho inapungua, minazi inaongezeka, na mwishowe unasikia harufu ya tope la chumvi kabla hujauona mto.

Nyamisati ndipo wanapopandia vyombo watu wa Mafia. Bandarini nilimkuta nahodha niliyeelekezwa kwake, kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa ndani ya delta. Nilimwonyesha picha ya shada la maua kwenye simu. Aliitazama akacheka kwa furaha. "Mitomondo! Kwetu ipo mingi, mwalimu. Ila kuna mtu aliyetoka Dar kuja kutazama mtomondo?" Nikamwambia yupo, ndiye mimi.

Tulikubaliana kuondoka kesho. Nilitaka alfajiri, yeye akaniambia haiwezekani, akanifundisha hesabu ya maji. Mwezi unakaribia kuwa mpevu, maana yake bamvua: maji yanajaa mno na yanatoka mno. Siku za bamvua pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kabisa kwenye saa nne. Ukiondoka asubuhi unapambana na mto wote unaomiminika baharini, kisha unakwama kwenye tope. Ukiondoka mchana, bahari yenyewe inakusukuma juu.

Ijumaa

Saa nne asubuhi mto ulikuwa umebaki mfereji. Kingo za tope zilikuwa wazi, kaa wenye gando moja kubwa jekundu wakipunga, na mitumbwi imelala ubavu. Nahodha alikuwa na sababu ya pili ya kutoondoka mapema. "Maji hayamsubiri mtu," alisema, "na Ijumaa nayo haisubiri." Aliswali msikitini pale kijijini, tukang'oa nanga kwenye saa saba na nusu, maji yakiwa yanapanda kwa kasi. Mdogo wake alikaa omo, yaani mbele ya chombo, na upondo wa kupima kina.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa zaidi wa mikoko katika mlango mmoja wa mto Afrika Mashariki, takriban hekta elfu 50. Mto unagawanyika matawi mengi, na matawi yanazaa vijito, na vijito vinazaa vijito vingine. Mgeni anapotea humo kwa dakika kumi. Wajerumani waliificha humuhumu manowari yao Königsberg baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja Septemba 1914, na Waingereza iliwachukua mpaka Julai 1915 kuimaliza. Boriti za nyumba za kale za Unguja zilitoka humu pia, na majahazi yalizibeba mpaka Omani na Ghuba. Lakini leo sikuja kwa ajili ya historia ya meli.

Nilichotaka nikione kwa macho ni jinsi miti inavyobadilishana zamu kadiri chumvi inavyopungua. Karibu na bahari kuna mililana, mizizi yake ya kupumulia imesimama wima kwenye tope. Kisha mikoko yenyewe, imekaa juu ya magoti yake. Tukapita mikandaa, tukapita mikomafi yenye matunda mazito ya mviringo. Halafu yakaanza kuonekana majani yenye mgongo wa rangi ya fedha: misikundazi, miti mirefu yenye mizizi bapa inayotambaa juu ya tope mita kadhaa. Nahodha alichota maji kwa kiganja akaonja, akanipa nami nikaonja. Chumvi ilikuwa ya kusikika tu. "Hapa maji yanaanza kugombana," alisema.

Hapo ndipo mtomondo unapokaa. Hauingii ndani ya chumvi kali kama mikoko wala haupendi nchi kavu. Unataka ule mstari ambapo mto na bahari vinapeana mikono kila baada ya saa sita: maji baridi yenye chumvi kidogo, tope, mafuriko ya mara kwa mara. Ni ukanda mwembamba. Nilianza kutazama kingo kwa makini, na kweli, baada ya kona moja yenye matete na mikindu, nahodha alipunguza mashine akanyoosha kidole.

Nakiri moyo ulinienda mbio. Mti wa mita kama nane hivi, umeinamia maji, matawi yameshuka. Majani makubwa yamejazana kwenye ncha za matawi, yenye meno madogo pembeni, mawili matatu ya zamani yamegeuka mekundu kabla ya kuanguka. Na chini ya majani, kamba ndefu za matumba zikining'inia, baadhi zikikaribia mita moja, zimetulia kabisa juu ya maji. Lakini zote zimefungwa. Saa kumi na nusu jioni, hakuna hata ua moja.

"Huo tutaurudia?" niliuliza.

"Huo uko mbali na nyumbani. Ipo mingine karibu na kwa mama. Tulia, mwalimu."

Tulifika kijijini kwao jua likiwa limeinama. Nyumba zimejengwa juu ya mwinuko mrefu wa ardhi, mashamba ya mpunga yamezunguka, na kati ya mashamba madungu, vibanda vya juu vya kulindia ndege na nguruwe. Nilimwamkia mama yake nahodha, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba akanishika mkono bila kuuachia mpaka ndani ya uwanja. Usiku tulikula wali wa mpunga wa shamba lake, kamba wa nazi waliovuliwa siku hiyohiyo, na mchicha. Wali ule una harufu yake, mchele mfupi, unashikana kidogo, na mchuzi wa kamba unaingia kila punje. Nilikula kupita adabu ya mgeni, na bibi alifurahi.

Nilipomweleza kilichonileta alisema jambo ambalo nimeliandika kama alivyolitamka: "Sisi tunaujua kwa asubuhi. Ukienda kuchota maji unakuta kisima kimefunikwa maua, unayasogeza kwa ndoo. Usiku nani akatazame maua, na mbu hawa?"

Jumamosi

Asubuhi maji yakiwa yamekupwa tulikwenda kwa miguu kuchagua mti wa kulala nao. Tuliongozana na mzee jirani wa bibi, mtu wa umri mkubwa aliyekuwa akitembea kwenye tope vizuri kuliko mimi ninavyotembea barabarani. Wote waliniita mwalimu. Yeye aliniita mwanangu.

Tulikuta mitomondo kando ya kijito, mingine mikubwa mingine michanga, na chini yake matomondo yamekwama katikati ya mizizi. Mengine yameshaota: shina jembamba limetokea juu, mizizi chini, na ganda la nyuzinyuzi bado limelizunguka. Nilikaa chini nikayatazama muda mrefu. Tunda lile la mezani kwangu lilikuwa limetoka kwenye mto kama huu, labda mto huuhuu, likaelea mpaka Mafia.

Mzee alinieleza matumizi yake. Zamani mbegu ya tomondo ilikunwa au kutwangwa, ikatiwa kwenye kidimbwi kilichobaki maji yakipwa, na samaki wakaelea juu wamelegea. Ni kweli kisayansi: mbegu ina saponini, kemikali zinazotoa povu, na zinaharibu upumuaji wa samaki kwenye matamvua. Leo uvuvi wa sumu umepigwa marufuku na mzee alilisisitiza hilo mara mbili, akihofia labda nitaandika vibaya. Magome nayo yametumika kwa dawa, lakini sikumuuliza zaidi. Mambo ya dawa ni ya mwenye kuyajua.

Kisha tukafika mahali palipofyekwa. Shamba jipya la mpunga, mche umepandikizwa vizuri, kijani cha kupendeza. Pembeni mwa kijito vilisimama visiki. Misikundazi kadhaa, na mitomondo. Niligusa kisiki kimoja. Kilikuwa kimeanza kutoa machipukizi ubavuni. Mwenye shamba alikuwepo, kijana mwenye watoto wawili, akatukaribisha kwenye kivuli cha dungu. Sikwenda kumhukumu na sikumhukumu. Alinieleza wazi: mpunga unataka maji baridi na tope la rutuba, na maji ya chumvi siku hizi yanapanda juu zaidi kuliko alivyokuta baba yake, kwa hiyo mashamba ya chini yanaharibika na watu wanasogea juu. Wanasogea mpaka wapi? Mpaka pale chumvi inapoishia. Palepale kwenye ukanda wa mtomondo.

Hili limenikaa. Mkoko una watetezi wengi sasa, kila mtu anajua kwamba mikoko ni mazalia ya kamba na samaki, na kwamba inazuia mawimbi. Serikali imeuhifadhi, na eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa mwaka 2004. Lakini mtomondo unasimama mlangoni, kati ya mikoko na shamba, na mlangoni ndipo watu wanapopita na panga. Afrika Kusini mtomondo ni miongoni mwa miti iliyolindwa kisheria kwa jina lake. Huko Okinawa na kisiwa cha Iriomote, Japani, wanauita sagaribana. Majira ya joto watu wanasafiri kutoka miji mikubwa, wanaamka usiku wa manane, wanapanda mitumbwi midogo ili kuyaona maua yakianguka alfajiri. Wanalipa fedha kwa hilo. Nilimwambia kijana yule. Alinyamaza, akauliza: "Mti huuhuu?" Nikamwambia huuhuu, spishi ileile.

Mchana nililala, kwa amri ya bibi.

Saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye majani ya chini, tuliingia kwenye mtumbwi: mimi, nahodha na mzee. Hii ndiyo sehemu iliyohitaji mpango. Ukifika kwenye mti maji yakiwa yamejaa, baada ya muda yatakupwa na utabaki juu ya tope mpaka yarudi. Huwezi kuondoka. Kwa hiyo tuliufunga mtumbwi kwenye shina la mtomondo wa pembeni tukijua kwamba tutakaa hapo usiku mzima. Nahodha aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara kadhaa, akasikiliza. Viboko wapo humu, na mamba wapo, na hakuna anayeleta mzaha nao. Mzee alikuwa amewasha kifuu cha ubani na majani fulani omo kufukuza mbu. Tochi yangu niliifunga karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe unawasumbua nondo.

Nilichagua shada moja lililokuwa mbele ya uso wangu, umbali wa mkono, na sikuliacha. Matumba yalikuwa yamepangana kwenye kikonyo chembamba kama punje za tasbihi: juu, karibu na tawi, makubwa yenye kipenyo cha sentimita moja na nusu hivi, ya kijani iliyotiwa wekundu, kadiri unavyoshuka yanapungua, mpaka ncha ya chini ambako ni vidonge vidogo visivyo na haraka. Ua huanza juu na kuteremka, usiku baada ya usiku. Juu kabisa, palipochanua usiku uliopita, zilibaki pistili peke yake, sehemu ya kike ya ua, nyuzi ndefu zimesimama kwenye vikombe vyao.

Magharibi iliingia, mzee akaswali kwa kukaa ndani ya mtumbwi. Mwezi ulipanda nyuma ya misikundazi.

Sijui niseme lilianza lini hasa, kwa sababu halianzi ghafla. Tumba la juu lilikuwa limevimba tangu jioni. Kikombe chake hakina mishono ya kufungulia. Kinapasuka chenyewe, na nilikiona kimeshapasuka vipande vitatu visivyolingana. Kwenye ufa ilitokeza pistili kwanza, uzi mmoja mwekundu wenye kung'aa. Halafu petali nne, nyeupe zenye uwaridi, zikaanza kuachia. Ndani ya petali kuna stameni nyingi, nyuzi za kiume za ua, zaidi ya mia, zimekunjwakunjwa na kubanwa. Zilipopata nafasi zikaanza kujinyoosha moja moja, nikaziona zikitikisika bila upepo. Kila moja ilikuwa nyeupe chini na pinki kuelekea juu, na kwenye ncha kichwa kidogo cha njano chenye chavua. Baada ya muda wa kama saa moja tumba lile dogo lilikuwa duara la nyuzi lenye upana wa kiganja changu. Nilishika mdomo. Mzee, aliyezaliwa hapa na kuzeeka hapa, alisogeza kichwa chake karibu na cha kwangu, akasema taratibu: "Subhanallah. Miaka yote hii."

Ilipofika saa tatu usiku mti mzima ulikuwa unachanua. Mashada kwa makumi, kila moja na maua yake ya usiku huo, na mengine yakigusa kivuli chake kwenye maji. Harufu ilishuka nzito, tamu, na ndani ya utamu wake kitu kinachokaribia uchachu; ukiivuta sana inakulevya kichwa. Rangi hiyo hafifu na harufu hiyo vina kazi. Ua linalofunguka usiku halina haja ya kuwaita vipepeo wala ndege. Linawaita wanaoruka gizani. Nondo walikuja kwanza, wakubwa, mabawa yao hayaonekani kwa kasi, wanasimama hewani mbele ya ua na kuingiza mrija mrefu kunyonya mbochi, maji matamu ya ua, chini ya nyuzi. Nahodha alihesabu, akaacha.

Kisha popo. Nilisikia pumzi ya bawa karibu na sikio kabla sijaona chochote. Popo wa matunda, uso mrefu wenye macho makubwa, alitua juu ya shada likayumba na kumwaga maua mawili majini. Alizamisha uso wote ndani ya stameni kwa muda mfupi sana, akaondoka, akarudi upande wa pili. Kwenye mwanga mwekundu nilimwona pua na kidevu vimejaa unga wa njano. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashada yananing'inia mbali na majani, nje, mahali pa wazi: yamewekewa njia ya bawa. Mada ya uchavushaji nimeifundisha kwa michoro ubaoni. Ukweli wake wote ulikuwa pale, mbele ya pua yangu, unanuka mbochi na manyoya.

Maji yalikupwa. Kwenye saa tano tulikuwa tumekaa juu ya tope, mtumbwi umeinama kidogo, na kaa wakitembea chini yetu. Mzee alisimulia mafuriko makubwa ya ujana wake, jinsi walivyolala madunguni, na jinsi mitomondo ilivyosimama ndani ya maji majuma mengi bila kufa. Nahodha alisinzia. Mimi sikusinzia.

Jumapili

Maji yalirudi usiku wa manane, mtumbwi ukaelea tena bila mtu kuugusa. Kufikia saa kumi na moja alfajiri kijito kilikuwa kimejaa na kutulia. Mwezi ulikuwa umeshuka upande wa pili, na mashariki palikuwa na weupe.

Ua la kwanza lilianguka kabla ya adhana ya kijijini. Linaanguka zima: petali, stameni, vyote vimeungana kwenye pete moja chini, na katikati ya pete tundu ambalo pistili ilipita. Pistili inabaki juu kwenye shada na kikombe chake. Ua linatua majini nyuzi zikiwa juu, linaelea. Likafuata jingine, na jingine, kisha kukawa na sauti ndogondogo pande zote, tap, tap, huku mwanga ukiongezeka. Haukuwepo upepo. Kila ua liliachia lenyewe, muda wake ulipofika. Niliokota moja lililonidondokea mapajani. Lilikuwa bado bichi, bado lina harufu, chavua imekwisha kabisa. Nililipima kwa rula ya daftari: sentimita saba na nusu kutoka ncha hadi ncha.

Jua lilipotokeza, uso wa kijito ulikuwa mweupe na waridi kutoka ukingo hadi ukingo. Ndipo maji yakaanza kutoka. Zulia lote likasogea, polepole kwanza, kisha likapata mwendo, likajivuta kwenye kona ya matete kuelekea mto mkubwa. Samaki wadogo walikuwa chini yake wakidonoa. Tuliufungua mtumbwi tukaenda nalo, tukipiga kafi kidogo tu. Karibu na kisima cha bibi tulimkuta msichana na ndoo, akiyasogeza maua kwa mkono, kama tulivyoambiwa, bila kutazama.

Bibi alikuwa amepika uji wa mchele na vitumbua. Kijana mwenye shamba alikuja. Alikuwa ameamka alfajiri akaenda mwenyewe kwenye kijito chake, kwenye mitomondo michache aliyoibakiza ng'ambo. Hakusema mengi. Aliuliza kama mtu akiacha miti ya kingo tu, hatua tatu nne kutoka majini, mpunga wake utapungua sana. Mzee alimjibu kabla yangu: mizizi ya kingo ndiyo inayomzuilia shamba lake lisiliwe na kijito, aangalie kwa jirani yake aliyefyeka mpaka majini na aone amepoteza majaruba mangapi. Walibishana kirafiki mpaka chai ikaisha, na mimi nikawaachia maana shamba ni lao na hoja ni yao.

Tuliondoka saa tatu na maji yanayotoka, bahari ikituvuta. Katika begi nilikuwa na matomondo yaliyoanza kuota, niliyoyaokota kwenye mizizi kwa ruhusa ya mzee, yamefungwa kwenye gazeti lenye maji. Nyuma ya shule yetu kuna bonde ambalo halikauki hata kiangazi. Mti unaweza kuota huko bila chumvi. Maji baridi unayapenda tu vilevile.

Kwa atakayetaka kwenda: nenda siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi ukiandama, ili maji yajae jioni na alfajiri. Usiende bila mtu wa hapohapo, kwa ajili ya viboko na kwa ajili ya njia. Fika kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza. Lipa mtumbwi na muda wa watu kwa haki, maana unawakesha. Funika tochi. Maua hupatikana karibu mwaka mzima, ila piga simu kuuliza kabla. Nahodha amekubali kutuma picha kila matumba yanapovimba, na bamvua lijalo la likizo nimeomba kibali cha kuja na kidato cha tatu, akiwemo yule aliyeokota tunda. Bibi ameshauliza watakuwa wangapi, apate kuanika mpunga wa kutosha.